Mama wa Kibeho na Heshima Inayodai Toba

Kibeho ni kilima kilichoko kusini mwa Rwanda, katika Wilaya ya Nyaruguru, na ndipo mahali pekee barani Afrika ambapo Kanisa Katoliki limekiri rasmi kwamba Bikira Maria aliwatokea watu. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, 15 Agosti, na kumbukumbu ya tokeo la kwanza, 28 Novemba, hukijaza kilima hicho mahujaji kutoka Rwanda yenyewe, Burundi, Uganda, Tanzania na Kongo. Wapo wanaofika kwa mabasi, wapo wanaotembea kwa miguu siku kadhaa, rozari mkononi. Mtu asiye Mkatoliki akiwatazama huuliza: hawa wanamwabudu nani? Swali hilo ni la haki, na limeulizwa tangu enzi za mababa wa Kanisa. Jibu la katekisimu linajulikana: Mungu huabudiwa, Maria huheshimiwa. Jibu hilo ni sahihi, ila kwa wengi limebaki maneno matupu, kwa sababu halisemi heshima hiyo inamtaka mtu afanye nini. Naona Kibeho inalijibu swali vizuri kuliko vitabu vingi. Inaonyesha kwamba heshima kwa Mama wa Yesu, ikieleweka kama Kanisa linavyoifundisha, humdai mwenye kuitoa atubu, na pasipo toba inakuwa ushahidi dhidi yake.

Tuanze na mafundisho, maana mpaka wake uliwekwa zamani. Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ulimpa Maria jina la Mama wa Mungu, lakini ugomvi uliouzaa haukuwa juu ya Maria. Nestori, askofu wa Konstantinopoli, alisita kulitumia jina hilo, na Sirili wa Aleksandria akaona kwamba kusita huko kunamgawa Kristo sehemu mbili. Kwa hiyo walioshinda pale walikuwa wanamtetea Mwana. Miaka 356 baadaye, mwaka 787, Mtaguso wa Pili wa Nikea ulipotetea picha takatifu ulisisitiza kwamba kuabudu ni haki ya Mungu peke yake, na kwamba heshima inayotolewa mbele ya picha humwendea aliyechorwa. Hata sala ya Salamu Maria, ambayo Mkatoliki huirudia mara nyingi kuliko sala nyingine yoyote, haimwombi Maria atende lolote kwa uwezo wake. Inamwomba awaombee kwa Mungu watu wanaojitaja waziwazi kuwa wakosefu. Msomaji Mwislamu hatashangazwa na heshima yenyewe, kwa kuwa Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryam, na ndiye mwanamke pekee anayetajwa humo kwa jina lake. Atakachokataa ni kumwomba. Na hapo ndipo pia Waprotestanti wengi wanapokataa, wakikumbusha kwamba Paulo alimwandikia Timotheo juu ya mpatanishi mmoja tu kati ya Mungu na wanadamu.

Pingamizi hilo lisichukuliwe kwa wepesi, kwa sababu Kanisa lenyewe limelichukua kwa uzito. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano maaskofu waligawanyika kabisa: je, Maria aandikiwe hati yake peke yake, au azungumziwe ndani ya hati inayohusu Kanisa? Kura zilipigwa tarehe 29 Oktoba 1963, na waliotaka awekwe ndani ya hati ya Kanisa walishinda kwa 1,114 dhidi ya 1,074, yaani tofauti ya kura 40. Sura ya nane ya hati hiyo, iliyotangazwa tarehe 21 Novemba 1964, inakiri upatanishi mmoja wa Kristo na kuwaonya wahubiri wajihadhari na kuzidisha chumvi upande mmoja, na ufinyu wa mawazo upande wa pili. Novemba 2025, ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa waraka unaosema kwamba kumwita Maria Mkombozi Mwenza hakufai, kwa kuwa jina hilo laweza kuufunika ukombozi wa Kristo. Wapo Wakatoliki walioumia kusikia hivyo. Mimi naona waraka ule ni mwendelezo wa jambo la zamani: kila ibada ya watu kwa Maria inapopanda juu kupita kiasi, Kanisa huivuta irudi kwa Mwanawe.

Uvutaji huo ulionekana Kibeho pia. Tarehe 28 Novemba 1981, Jumamosi, wakati wa chakula cha mchana, mwanafunzi wa miaka 16 aitwaye Alphonsine Mumureke alikuwa bwaloni katika sekondari ya wasichana iliyoendeshwa na masista wa shirika la Benebikira. Alisema alimwona mwanamke aliyejitambulisha kwa Kinyarwanda kuwa Nyina wa Jambo, Mama wa Neno. Wenzake wengi hawakumwamini. Mmoja wa waliompinga kwa ukali alikuwa Marie Claire Mukangango. Januari 1982 mwanafunzi mwingine, Nathalie Mukamazimpaka, akadai kutokewa, na tarehe 2 Machi ikawa zamu ya Marie Claire mwenyewe. Habari zikasambaa, umati ukaanza kukusanyika, na wadai wengine wakajitokeza, ndani ya shule na nje yake. Mwenye shaka atasema hiyo ndiyo dalili ya wasiwasi unaoambukizana katika mabweni ya wasichana, na si kosa kulifikiria hilo. Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare alilifikiria pia. Machi 1982 aliunda kamati ya madaktari, na Mei mwaka huo huo kamati ya wanateolojia, akawaacha wafanye kazi bila kuharakishwa.

Uchunguzi huo ulichukua miaka mingi. Tarehe 15 Agosti 1988 askofu aliruhusu watu wasali hadharani mahali pale, lakini hakusema neno juu ya ukweli wa matokeo yenyewe. Hukumu ilitolewa tarehe 29 Juni 2001 na Augustin Misago, askofu wa jimbo jipya la Gikongoro, karibu miaka ishirini tangu siku ile ya bwaloni. Na ilikuwa hukumu ya kubana. Kati ya wote waliodai kutokewa, ilikubali wasichana watatu tu. Madai kwamba Yesu naye alitokea hayakuthibitishwa. Ilieleza kwamba yenye uzito yalitokea mwanzoni, hadi mwaka 1983, na kwamba yaliyofuata hayakuongeza jambo jipya, ingawa Alphonsine aliendelea kusema anatokewa hadi Novemba 1989. Juu ya yote, ilikumbusha kwamba hakuna Mkatoliki anayelazimika kuamini. Ufunuo wa namna hii hauongezi kitu katika imani. Anayeukataa kwa sababu zake hatendi dhambi. Tangu Mei 2024 kanuni zimekuwa kali zaidi: kwa kawaida askofu hatangazi tena kwamba tokeo fulani limetoka kwa Mungu, anasema tu kwamba hakuna kizuizi watu wasali hapo. Dini iliyomgeuza Maria kuwa mungu wa kike isingekuwa na sababu ya kujifunga kwa kamba nyingi namna hii kila anapodaiwa kutokea.

Sasa ujumbe wenyewe. Kibeho hakukutolewa fundisho jipya juu ya Maria, wala cheo kipya kwake. Kilichorudiwa tena na tena ni wito wa toba, wa kusali bila unafiki, na wa kuyapokea mateso bila kumwacha Mungu. Marie Claire alisema alipewa kazi ya kueneza Rozari ya Mateso Saba, sala ya kale iliyohusishwa na shirika la Watumishi wa Maria, lililoanzia Firenze katika karne ya kumi na tatu. Rozari hiyo ina mafungu saba ya punje saba saba, na kila fungu ni uchungu mmoja wa mama: utabiri wa Simeoni hekaluni, kukimbilia Misri, kumpoteza mtoto Yerusalemu, kukutana naye akibeba msalaba, kumwona akifa, kumpokea akiwa maiti, na kumzika. Tokeo la mwisho la Marie Claire lilikuwa tarehe 15 Septemba 1982, siku ambayo Kanisa humkumbuka Bikira Maria Mama wa Mateso, na hekalu la hija lililojengwa Kibeho na kuwekwa wakfu tarehe 31 Mei 2003 lina jina hilo hilo. Mwezi mmoja kabla ya tokeo hilo, tarehe 15 Agosti, umati ulikuwa umekuja kwa shangwe ya sikukuu. Wasichana walilia mbele ya umati huo wakisimulia maono ya kutisha ya watu wanaouana.

Miaka kumi na miwili baadaye ikaja 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari. Katikati ya Aprili, maelfu ya Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa, na kanisa likachomwa moto wakiwa ndani. Waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliowaua pia. Mwaka uliofuata, Aprili 1995, damu ilimwagika tena kilimani hapo, katika kambi ya wakimbizi wa ndani, safari hii kwa risasi za wanajeshi wa serikali mpya. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Marie Claire hakunusurika katika machafuko ya miaka ile.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linaposimama, zito hata kuliko lile la kuabudu. Kama Mama wa Mungu aliwatokea watu kilimani hapo, na watu wale wale wakaja kuchinjana hapo hapo, heshima waliyompa ilikuwa na faida gani? Wapo Wakatoliki wanaokwepa swali hili kwa kuifanya Kibeho kuwa habari ya utabiri: tazameni, aliyasema yote kabla! Naliona jibu hilo kuwa dhaifu. Kwanza, linamfungulia mlango anayesema kwamba maono yale yalipewa maana baada ya matukio. Ni kweli kwamba umati uliyasikia mwaka 1982, na kwamba ruhusa ya kusali hadharani ilitolewa miaka sita kabla ya mauaji ya kimbari, kwa hiyo ibada ya Kibeho haikutegemea utabiri. Lakini hata utabiri ukikubaliwa wote, haumsafishi mtu yeyote. Katika Biblia nabii hasemi ili asifiwe baadaye kwa kupatia. Yona alipowatangazia watu wa Ninawi kwamba mji wao utaangamizwa, wakatubu, na mji ukapona. Onyo la Kibeho liliposikika, wengi walipiga magoti, wakaimba, wakarudi nyumbani na chuki zao. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa hukumu hiyo inawaangukia watu wa imani wenyewe.

Wengine hulipeleka pingamizi mbele zaidi: Kanisa lililotia sahihi hukumu ya Kibeho lilikuwa na mamlaka gani wakati baadhi ya mapadre na watawa wake walishiriki mauaji? Askofu Misago mwenyewe alikamatwa mwaka 1999 akishtakiwa kuhusika, na mahakama ya Rwanda ikamwachia huru Juni 2000, mwaka mmoja kabla ya kutoa tamko lake. Aliachiwa huru, na hilo liheshimiwe. Ila aibu ya watumishi wengine haikufutika kwa kesi yake, na Kanisa lilichelewa kuikiri. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha Novemba 2016 kwa Wakristo walioshiriki mauaji ya kimbari, na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko, alipokutana na Rais Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka ishirini. Wito wa kwanza wa Kibeho ulikuwa toba, na Kanisa lilihitaji muda mrefu hivyo kuitamka kwa niaba ya watu wake.

Je, hayo yote yanabomoa heshima kwa Maria? Nashikilia kwamba yanaonyesha sura yake ya kweli. Anayesali Rozari ya Mateso Saba anamfuata, fungu kwa fungu, mama ambaye mwanawe alikamatwa kwa hila, akahukumiwa na wakubwa, akauawa hadharani huku watu wakishangilia. Hawezi kuumaliza mzunguko ule kwa unyofu kisha akamwita mtoto wa jirani mende, kama redio zilivyowafundisha watu mwaka 1994. Akiweza, basi hakusali, alihesabu punje. Kasoro iliyoonekana Kibeho ni ya heshima iliyokatwa mguu mmoja, iliyobaki na nyimbo na maandamano ikaacha toba. Anayehofia kwamba Wakatoliki wanampa Maria nafasi kubwa mno angeweza kupata mfano wa kumsaidia mahali pengine. Kibeho inatoa mashtaka tofauti: kwamba walimpa nafasi kubwa midomoni na ndogo sana maishani. Kwenye arusi ya Kana, Maria aliwaelekeza watumishi wamtii mwanawe kwa lolote atakalosema, na Injili ya Yohane haimnukuu tena akisema. Kumheshimu kwa namna nyingine tofauti na hiyo ni kumheshimu mtu mwingine kabisa.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa mapadre na viongozi wa jumuiya wanaopanga misafara ya hija kutoka nchi zetu. Kumbukumbu ya waliouawa kanisani mwaka 1994 iko Kibeho hapo hapo, si mbali na hekalu la hija, lakini msafara unaweza kwenda na kurudi bila mahujaji kuingia humo. Wekeni ziara hiyo kwenye ratiba, kabla ya Misa na kabla ya maduka ya rozari, na mpange mapadre wa kutosha wa kitubio kwa wale watakaotoka humo.