Viti vya elimu ya ardhi na tabianchi vyuoni: nani atavikalia?

Kila baada ya muda, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutoa tangazo la nafasi za kazi za vyuo vikuu vya umma. Wengi wetu hulipitia haraka tukitafuta maneno tuliyoyazoea: mwalimu, muuguzi, mhasibu, dereva. Ndani ya matangazo hayo huwamo pia nafasi ambazo familia zetu huzivuka kana kwamba hazikuandikwa kwa ajili yao: Mkufunzi Msaidizi wa jiolojia, Mhadhiri Msaidizi wa hali ya hewa, Mhadhiri wa jiofizikia, wa elimu ya maji au wa mabadiliko ya tabianchi. Juma hili tumeona vyema kuzizungumzia nafasi hizo, kwa sababu tunaamini zinawahusu Waislamu wa nchi hii zaidi ya wanavyodhani.

Tuanze na yaliyotokea mbele ya macho yetu. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba na shule. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliuangukia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafariki dunia. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilisogea hadi karibu na Mafia na mwambao wa kusini, mahali ambapo wazee wengi hawakuwahi kulisikia neno kimbunga ila katika habari za nchi nyingine. Kule Pemba, maji ya bahari yameingia katika mabonde yaliyokuwa yakilimwa mpunga, na mkulima aliyerithi bonde kwa babu yake hana pa kupanda.

Baada ya kila msiba, tunazika, tunachanga, tunasoma dua, na hayo yote ni ya wajibu. Lakini yapo maswali yanayobaki baada ya matanga. Ni mteremko upi mwingine unaoweza kuporomoka? Kisima cha msikiti kimeingia chumvi kwa sababu gani, na kipya kichimbwe wapi? Nyumba za kijiji zijengwe umbali gani kutoka mtoni? Maswali haya hujibiwa na watu waliosoma. Na mtu anayeamua swali lipi litafitiwe kwanza, katika wilaya ipi, na wanafunzi gani wafundishwe kulitafiti, ni mhadhiri wa chuo kikuu.

Ndiyo maana tunasema nafasi hizi si ajira tu. Kijana akiajiriwa kuwa Mkufunzi Msaidizi akiwa na miaka 25, anaweza kufundisha kwa miaka thelathini na zaidi. Kwa mujibu wa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, wahadhiri waandamizi na maprofesa wa vyuo vya umma wanaweza kuendelea hadi miaka 65. Kiti kimoja hulea vizazi vya wanafunzi.

Je, ni elimu ya kigeni?

Wapo wanaoona kwamba elimu hii ni ya wengine. Historia haikubaliani nao. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliukadiria ukubwa wa dunia kwa kupima urefu wa mlima na pembe ya upeo wa macho kutoka kileleni. Alipoyatazama mawe na mchanga wa nyanda za India, alitambua kwamba mahali pale palikuwa bahari iliyojazwa na udongo wa mito. Ibn Sina naye aliandika namna milima inavyofanyika na namna maji yanavyoichonga. Katika karne ya 15, nahodha Ahmad ibn Majid alizipanga nyakati za pepo za Bahari ya Hindi, ikiwemo njia ya kufika pwani yetu hadi Sofala. Neno letu msimu lilitokana na neno la Kiarabu lililotaja majira hayo ya pepo, na Wazungu walilichukua neno lilo hilo. Wazee wetu waliojua Kaskazi na Kusi hawakuwa wageni wa elimu hii.

Lipo pia shaka la kidini, nalo tunalichukulia kwa uzito. Baadhi ya wazazi huuliza: je, utabiri wa mvua si kudai ghaibu, ilhali sura ya Luqman inamalizika kwa kutaja mambo ambayo ujuzi wake uko kwa Allah, na mvua ikiwa miongoni mwake? Wanavyuoni wametofautisha mambo mawili. Anayedai kuijua ghaibu, au anayeinasibisha mvua na nyota kana kwamba nyota ndiyo iliyoileta, amekosea pakubwa. Ama anayetazama mawingu, joto la bahari na mwendo wa upepo, kisha akasema kwamba dalili zinaonyesha mvua kubwa inshaallah, huyo anasoma ada ambayo Allah ameiweka katika viumbe vyake. Sura ar-Rum, aya ya 48, inazitaja pepo zinazoyainua mawingu hadi mvua ikatoka ndani yake. Kuzichunguza pepo hizo ni kutafakari, si kushirikisha. Nahodha aliyekataa kusafiri baada ya kuliona wingu jeusi hakudai ghaibu, bali aliokoa roho za watu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizihesabu tiba na hesabu miongoni mwa elimu za fardhi kifaya, na katika Ihya aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fani zenye sifa huku miji mingi ikiwa haina tabibu Muislamu. Ujuzi unaohitajika kulinda roho, maji na chakula cha watu usipotafutwa na yeyote, dhambi huwaenea wote. Leo tunaweza kujiuliza swali hilo hilo kuhusu mtaalamu wa maporomoko na mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi.

Ngazi na vipimo vyake

Tueleze sasa jinsi mlango huu ulivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha jiolojia na hali ya hewa, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1978, ipo Zanzibar. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki ya sayansi za dunia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Chuo Kikuu Ardhi na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha navyo vina fani zinazogusa mazingira.

Ngazi ya kwanza ni Mkufunzi Msaidizi. Huyu ana shahada ya kwanza, na kipimo kilichozoeleka ni GPA isiyopungua 3.8 katika kipimo cha 5. Husaidia semina na kazi za maabara, na hutarajiwa kuendelea na masomo. Mhadhiri Msaidizi ana shahada ya uzamili, na hapo hutakiwa GPA isiyopungua 4.0. Mhadhiri ana shahada ya uzamivu. Baada ya hapo, kupanda hadi Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa kunategemea zaidi makala za utafiti zinazochapishwa katika majarida ya kitaaluma, ubora wa ufundishaji na kuwasimamia wanafunzi.

Tarakimu hiyo ya 3.8 inastahili kuzingatiwa na kila mzazi. Ni wastani wa miaka yote, hivyo alama za mwaka wa kwanza huhesabiwa. Kijana aliyepotea mwaka wa kwanza kwa sababu ya ada iliyochelewa, au kwa kuitwa nyumbani kila wiki kwa shughuli za ukoo, anaweza kumaliza kwa heshima akiwa na 3.6. Atapata kazi nyingine, inshaallah, lakini mlango huu utakuwa umefungwa kabla hajajua kwamba upo. Harusi ya dada inaweza kusogezwa mbele ya mitihani. Mtihani hausogezwi kwa ajili ya harusi.

Mlango wenyewe huanza kufunguka mapema zaidi, katika kidato cha pili na cha tatu, pale mtoto anapoamua kuiacha Fizikia. Anayetaka kusomea hali ya hewa anahitaji Fizikia na Hisabati katika kidato cha sita. Anayesoma Jiografia pamoja na masomo hayo mawili amejenga msingi mzuri wa fani hizi zote. Madrasa nyingi zina madarasa yaliyo wazi Jumamosi asubuhi. Mwalimu mmoja wa Hisabati na ubao mmoja vinaweza kubadili hatima ya mtaa.

Mabinti na kazi za nyanjani

Mara nyingi tunasikia: jiolojia ni ya wanaume, binti hawezi kulala porini. Haya ya mzazi kwa bintiye ni haya njema, na hatuidharau. Lakini tusilikatae jambo kwa kuliona upande mmoja tu. Sehemu kubwa ya sayansi ya tabianchi hufanyika mbele ya kompyuta, kwa kutumia takwimu za vituo na picha za setilaiti. Uchunguzi wa maji na udongo hufanyika maabara. Safari za masomo huwa za kundi chini ya wahadhiri, na familia ina haki ya kuuliza kuhusu malazi na uangalizi. Mtanzania mwenzetu, Dkt. Agnes Kijazi, aliiongoza taasisi ya taifa ya hali ya hewa, na mwaka 2019 alichaguliwa kuwa Makamu wa Tatu wa Rais wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mabinti wetu wakiwa wahadhiri, wazazi wa kesho watakuwa na wa kumkabidhi binti yao katika safari hizo.

Gharama na nyaraka

Kuhusu gharama, wazazi wengi waliogopa mkopo wa elimu ya juu kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, wakiiona ina sura ya riba. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Kwa shahada za juu, zipo nafasi za ufadhili. Chuo cha KAUST cha Saudi Arabia, kilichofunguliwa mwaka 2009, kina programu za sayansi ya ardhi, na wanafunzi wake wa uzamili na uzamivu hupewa ufadhili. Vyuo vya Jeddah na Dhahran navyo vina fani hizi, na serikali ya Uturuki hutoa ufadhili kwa wageni kila mwaka. Anayesoma nje akumbuke kwamba shahada yake lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kabla ya kuombea kazi.

Jambo dogo linaloweza kuwakwamisha vijana wetu ni majina. Mtoto ni Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad katika cheti cha kidato cha nne, na Mohammed chuoni. Binti ni Hadija hapa na Khadija pale. Rekebisheni mapema, kwa hati za kisheria, wala msisubiri tangazo litoke, kwa kuwa muda wa kuomba ni mfupi. Mwombaji kwa kawaida awe raia asiyezidi miaka 45, aombe kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, aambatishe barua iliyosainiwa, wasifu wenye wadhamini watatu na vyeti vilivyothibitishwa. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti. Na kwa kuwa sisi ni watu wa amana, tuseme wazi: kununua cheti au kuhonga kwa ajili ya kazi ni haramu, na mshahara wake hauna baraka.

Tunajua kwamba mshahara wa Mkufunzi Msaidizi haulingani na faida ya duka Kariakoo, na kwamba mama mwenye watoto watano ana haki ya kuuliza kijana wake ataanza lini kusaidia nyumbani. Hatuwezi kumjibu kwa maneno matupu. Jibu la kweli ni jamii kushirikiana naye. Misikiti yenye nyumba za wakfu inaweza kutenga sehemu ya kodi, kwa mujibu wa masharti ya waliozitoa, kumsaidia kijana mmoja amalize shahada ya uzamili. Wanavyuoni wengi wameruhusu mwanafunzi fakiri kupewa zaka. Maimamu wetu walieleze hilo. Tumejenga misikiti mingi kwa njia ya kuchangiana. Kumsomesha mtu mmoja atakayewafundisha maelfu ni sadaka isiyokatika.

Tunawaomba wazazi, mtoto aletapo ripoti ya shule mwishoni mwa muhula huu, wasiishie kwenye nafasi aliyoshika darasani. Watazame mstari wa Fizikia na mstari wa Hisabati, kisha wakae naye. Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awajaalie wawe sababu ya usalama kwa waja wake. Amin.