Kwa Nini Mofini Huhesabiwa Kichupa kwa Kichupa?

Wauguzi wengi hulinung'unikia daftari la mofini, nao wana sababu. Tuchukue mfano wa wodi moja, saa nane ya usiku. Mgonjwa wa saratani ya mifupa ana maumivu makali, na daktari ameagiza apewe mofini. Dawa imo kabatini, hatua chache tu kutoka kitandani. Lakini kabati hilo lina kufuli mbili, na muuguzi haruhusiwi kulifungua pasipo shahidi. Mwenzake yumo wodi ya pili, akimsaidia mama anayejifungua. Muuguzi hana budi kungoja, na mgonjwa hungoja pamoja naye. Je, sheria kali namna hii ina maana gani?

Mofini hupatikana katika utomvu wa mmea wa afyuni. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, aliitenga, akaipa jina linalotokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani wa kale. Dawa hii hujishikiza kwenye seli za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, ikazuia habari za maumivu zisipite kwa nguvu yake yote. Lakini kiasi kikizidi, hulegeza pia sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji, na mgonjwa huweza kufa. Tena, mtu anayeitumia kwa anasa huweza kuwa mtumwa wake.

Kwa sababu hizo, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya uliweka masharti ya kuandika dawa hizo katika kumbukumbu, nazo zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 2. Utaratibu wa kufuli na mashahidi wodini hutungwa na nchi na hospitali zenyewe.

Msingi wa daftari ni hesabu nyepesi: salio la jana, ukijumlisha dawa iliyopokewa na kutoa iliyotoka, lazima lilingane na vichupa vilivyomo kabatini. Tuseme vipo 12, kila kimoja kina miligramu 10 katika mililita 1. Daktari ameagiza miligramu 4, yaani mililita 0.4. Zimebaki miligramu 6, nazo hazifai kuwekwa, kwa kuwa kichupa kilichofunguliwa huweza kuingia vijidudu. Lazima zimwagwe. Daftari litaonyesha: mgonjwa 4, zilizomwagwa 6, salio vichupa 11.

Hapo ndipo shahidi anapohitajika. Mofini ya sindano haina rangi. Kwa macho haitofautiani na maji. Pasipo shahidi, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba miligramu 6 zilimwagwa, wala hazikuibwa. Saini ya pili basi humlinda muuguzi mwaminifu asishukiwe. Saa iliyoandikwa nayo humlinda mgonjwa, kwa maana muuguzi wa zamu ifuatayo hatampa kipimo cha pili kabla ya wakati wake.

Hata hivyo, daftari hupima dawa tu, halipimi maumivu. Kichupa kimoja kikipotea, hospitali nzima itajua. Mgonjwa akingoja saa nzima, hakuna mstari utakaolieleza jambo hilo. Mkataba ule ule wa 1961 unatambua kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kutuliza maumivu, na kwamba zipatikane za kutosha. Ulinzi na upatikanaji ni sahani mbili za mizani moja.

Uganda imeonyesha kwamba sheria huweza kurekebishwa bila kutupa daftari. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993, lilieneza mofini ya kunywa, inayotengenezwa kwa kuyeyusha unga wake katika maji. Mwaka 2004 nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu waandike mofini wao wenyewe.

Wodini kwetu nako yapo mambo mepesi ya kufanya. Shahidi wa kila zamu atajwe mapema, pamoja na wa akiba. Tena daftari liongezewe safu moja: saa mgonjwa alipoomba dawa. Tofauti kati ya saa hiyo na saa aliyopewa ingeonekana wazi, nalo lalamiko la muuguzi lingekuwa kipimo ambacho wakuu wake hawawezi kukipuuza.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili. Salio ni vichupa 11, vimepokewa 10, vimeandikwa kutumika 7, kabatini vimeonekana 13. Kimoja hakipo. Kabla ya kumshuku mtu yeyote, waorodheshe njia zote ambazo kichupa hicho kingeweza kukosekana, kisha waeleze ni ushahidi gani ungetenganisha njia moja na nyingine.