Mzigo wa Mto Haujulikani kwa Kuonja

Majuzi nikiwa Galu, mwanafunzi mmoja wa shule ya upili aliniuliza: mgodi unapofungwa, uchafu wake huenda wapi? Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa kemia. Hata hivyo swali hilo halikuniondoka moyoni, kwani kusini ya hapo Mto Mukurumudzi hushuka kutoka Milima ya Shimba na kuingia Ghuba ya Gazi, penye mikoko. Katika eneo la mto huo mchanga wa titani ulichimbwa mpaka Desemba 2024, uchimbaji ulipokoma.

Naanza kwa tahadhari. Mchanga wa Kwale ulitoa madini magumu yasiyoyeyuka majini kwa urahisi, kwa hivyo si haki kuusingizia kila sumu tunayoisikia. Migodi inayosumbua zaidi baada ya kuachwa ni ile ya miamba yenye salfa. Kwa jirani zetu wa Uganda, chini ya Milima ya Ruwenzori, shaba ya Kilembe ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982. Wachimbaji walikwenda zao, mabaki yakasalia kandokando ya Mto Nyamwamba. Mabaki ya namna hiyo yakipata hewa na mvua hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha shaba, kobalti na zinki. Mafuriko ya 2013 na 2020 yalipolikumba bonde hilo, mabaki yalisombwa pamoja na mali za watu.

Zinki tunaifahamu: ndiyo iliyopakwa mabati ya mapaa yetu, na mwili huihitaji kwa kiasi kidogo. Lakini maji ambayo mtu huyanywa bila kudhurika yaweza kumwua samaki mchanga, kwa kuwa zinki humharibu mashavu anayopumulia. Tena ni msafiri hodari. Asidi inapofifia, chuma hutuama mapema na kuacha wekundu juu ya mawe, ilhali zinki huendelea na safari katika maji yanayoonekana safi.

Je, chanzo chake hutafutwaje? Hapa ndipo lugha inapotufaa. Twasema chai imekolea. Ukiongeza maji kikombeni, ukolezi wa sukari hupungua, lakini sukari ni ileile. Mto nao una mambo mawili: ukolezi, yaani kiasi cha zinki katika kila lita, na mzigo, yaani zinki yote inayopita mahali fulani kwa sekunde.

Tuchukue mfano wa kubuni. Juu mlimani kijito kina miligramu 2 kwa lita, na lita 5 hupita kila sekunde: mzigo ni miligramu 10. Chini yake ukolezi umeshuka hadi nusu miligramu, lakini sasa lita 40 hupita: mzigo ni 20. Anayetazama ukolezi peke yake atashangilia kuwa mto umetakasika. Aliyepiga hesabu atajua kwamba katikati ya vituo hivyo viwili kuna chanzo kingine, labda maji yanayovuja chini ya ardhi. Wataalamu humimina maji ya chumvi kijitoni kwa kiwango kisichobadilika, kisha hupima jinsi chumvi inavyozimuliwa huko chini. Kwa njia hiyo huujua wingi wa maji, hata yale yaliyojiunga kisirisiri. Hupima kituo baada ya kituo, mpaka mzigo unapoongezeka ghafla.

Walimu wa Galu, Gazi na Msambweni hawana haja ya kungoja wageni. Kamba ya kupimia, saa na kifuu kinachoelea vyatosha kuwafunza wanafunzi kukadiria wingi wa maji ya kijito. Sampuli za metali zapasa kupelekwa maabara, na gharama hiyo ni halali kuidai kwa serikali ya kaunti. Jambo la lazima ni daftari: siku, mahali, wingi wa maji, ukolezi, masika na kiangazi, mwaka hata mwaka.

Bila daftari hilo, samaki wakifa kesho mmoja atasema ni mgodi, mwingine atasema ni mashamba, na hakuna atakayeweza kuthibitisha. Kampuni isiyo na kosa itashtakiwa, au yenye kosa itaponyoka. Yule mwanafunzi alistahili jibu lenye tarakimu. Sikuwa nalo. Naomba wenzangu walimu waanze kulitafuta mtoni, wakiwa pamoja naye.