Mkate wa kitunguu saumu si mbadala wa dawa ya presha

Mama mmoja alikuja kliniki hapa Rujewa presha ikiwa 180 kwa 110. Dawa alikuwa ameziacha wiki tatu. “Daktari, siku hizi naoka mkate wa kitunguu saumu. Nimeambiwa unashusha presha.”

Nilimwambia aendelee kuoka, ila dawa azirudie siku hiyo hiyo. Kitunguu saumu kinaweza kushusha presha kidogo, lakini hakitoshi kumkinga mgonjwa na kiharusi. Na presha ya juu mara nyingi haina dalili, hivyo kujisikia vizuri si kupona.

Mkate wenyewe ni mzuri ukipunguza chumvi na mafuta. Kanda nusu kilo ya unga wa ngano kwa hamira, maji ya vuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukiumuka, kata madonge madogo, yapake mafuta kidogo yenye kitunguu saumu kilichopondwa, yapange yakigusana kwenye sufuria. Yakiumuka tena, oka kwa mkaa juu na chini, mahali penye hewa. Ukiiva, kila mtoto anabandua kipande chake.

Kumbuka, mtu mzima asizidishe chumvi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya kwenye mboga.

Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, amuulize daktari kabla ya kula kitunguu saumu kingi. Na usiache dawa yoyote bila ushauri.