Tela na Kionjo

Msemaji wa Chanika, katika Handeni, asikiapo neno tela hufikiri kwanza chombo cha mizigo kikokotwacho nyuma ya lori. Wala hakosei. Hata kwa Kiingereza tangazo la filamu lilipata jina hilo kwa kuwa hapo kale lilifuata nyuma ya filamu iliyokwisha. Miongoni mwa ya mwanzo ni lile la Nils Granlund, New York, mwaka 1913, lililotangaza mchezo wa jukwaani.

Leo hutangulia, na neno kionjo, kutoka kitenzi onja, lafaa zaidi: mpishi huonja mchuzi, hali chungu kizima.

Nyuso za waigizaji, muziki, jina la filamu na tarehe yake hazina haja ya maelezo mengi. Kiungo kizito ni sauti ya msimulizi. Sentensi zake ni fupi, nyingine hazina kitenzi. Hupenda wakati wa -ta-, amri, na zaidi ya yote swali lisilojibiwa. Hapo kionjo hukaribia kitendawili. Aliyeshindwa kukitegua hutoa mji ili apewe jibu. Mtazamaji hutoa bei ya tiketi. Basi kionjo kionyeshacho muuaji ni nani kimekwisha kumpa mtazamaji jibu, na mji hakuudai.