Kibali cha Kutia Nanga

Mashua iliyong'oa nanga Panama siku za mwanzo za Machi 2020 iliiacha dunia ikiwa wazi. Kutoka huko hadi visiwa vya Marquesas, katika Polinesia ya Ufaransa, ni kama maili 4,000 za baharini. Kwa chombo cha mita 12 kinachotegemea upepo, hizo ni wiki nne, tano upepo ukilegea. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa korona ni janga la dunia nzima, na siku chache baadaye nchi moja baada ya nyingine zikafunga bandari. Aliyekuwa katikati ya Pasifiki bila simu ya setilaiti hakuwa na habari. Akafika Aprili, ngozi imebabuka, mboga zimebaki vitunguu na kabichi moja, akatweka bendera ya manjano na kungoja maofisa. Akaambiwa asishuke. Asihamie kisiwa kingine. Hata kuogelea pembeni ya chombo chake ni marufuku.

Bendera hiyo ndiyo inayobeba hesabu yote ya makala haya. Katika alama za kimataifa za meli ni herufi Q, na inasema: chombo changu kina afya, naomba kibali cha kuingia. Kwa miaka mingi ilikuwa adabu tu, kama kupiga hodi huku mwenye nyumba amekaa barazani anakutazama. Unaitweka asubuhi, mchana pasi zimegongwa mihuri, unaiteremsha unakwenda sokoni. Mwaka 2020 kibali hicho kikawa adimu kuliko dizeli. Nchi chache zilizong'amua kwamba ni kitu cha kuuza zilipata wateja ambao majirani zao walikuwa wakiwafukuza.

Wateja wenyewe ni nani? Wengi huwachanganya na mabilionea wa meli za mita 80, lakini wale wana mawakala na mawakili wa kuwatafutia njia. Wanaoishi katika mashua za matanga ni wastaafu waliouza nyumba, mafundi wanaofanya kazi miezi sita ili wasafiri sita, wazazi wanaofundisha watoto hesabu juu ya meza ile ile wanayolia chakula. Serikali zilipowaambia wageni warudi makwao, hawa kwao kulikuwa pale pale, kumefungwa na mnyororo wa nanga.

Katika takwimu za utalii karibu hawaonekani. Hawalali hotelini, na wengi hawakuja kwa ndege. Fedha zao hupita mlango wa uani: kwa fundi wa kushona matanga, kwa mchomeleaji, kwa mama muuza ndizi, kwa mwenye yadi inayopandisha vyombo nchi kavu. Bandarini kuna kanuni ya mdomoni kwamba chombo hula kila mwaka sehemu ya kumi ya bei yake kwa matengenezo. Mashua ya dola 100,000 huacha basi kama dola 10,000 mikononi mwa watu, na sehemu kubwa huachwa pale inapojificha msimu wa dhoruba. Kwa hiyo biashara hii haifuati fukwe nzuri. Inafuata kalenda ya upepo.

Mtu wa Lamu au wa Unguja hahitaji somo hapo. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Nahodha aliyechelewa alikaa miezi, akala akiba yake, na wengine waliishia kuoa. Mashua za leo zina injini na paneli za sola, lakini zinatii amri ile ile. Karibiani vimbunga huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Pasifiki ya kusini ni Novemba hadi Aprili. Mikataba ya bima hutaja tarehe na mstari kwenye ramani: ukikutwa ndani ya eneo la vimbunga siku fulani, hulipwi, au unalipwa kwa masharti magumu. Baada ya vimbunga Irma na Maria mwaka 2017 kampuni za bima zilizidi kukaza. Chombo kilichozuiliwa kisiwani Aprili 2020 kilikuwa kinahesabu siku za bima yake.

Huko Karibiani mahali pa kukimbilia panajulikana: Trinidad, ambako ghuba ya Chaguaramas imejaa yadi na mafundi. Trinidad ilifunga mipaka Machi 2020 na haikuifungua hadi Julai 17, 2021. Mamia ya maili kaskazini wapo watu wenye fedha mkononi wanaotaka kuja kupaka rangi vyombo vyao, na mafundi wapo tayari, na hakuna kinachovuka. Vyombo vilivyokuwa vimekwisha kupandishwa kabla ya kufunga vilibaki juu ya vyuma vyao, wenyewe wako ng'ambo. Tazama jinsi hasara inavyogawanyika hapo: mwenye yadi bado anadai kodi ya kuegesha kila mwezi, fundi wa rangi, ambaye hulipwa mwenye chombo anapokuwepo kumwonyesha kazi, hapati kitu.

Jirani yake Grenada alichukua njia nyingine. Alifungua daftari la maombi, akatenga mahali pa kutia nanga kwa karantini, akaweka idadi ya siku na kipimo, basi. Mwenye mashua alijiandikisha, akapewa zamu, akaja. Ndiyo yote. Hakuna teknolojia ya ajabu.

Wengine waliona heri warudi Ulaya, maelfu ya maili kuvuka Atlantiki, na kituo chao cha katikati kikawa kile cha siku zote, Horta katika visiwa vya Azores. Ukuta wa gati la Horta umejaa michoro: kila chombo kinachopita huacha picha na jina lake, maana mabaharia wanaamini asiyechora atapata balaa mbele. Masika ya 2020 waliruhusiwa kutia nanga ndani ya bandari, vyakula, maji na dizeli vikaletwa kwa boti ndogo hadi ubavuni, halafu waendelee. Kushuka, hapana. Kwa hiyo wakatazama ukuta kwa mbali na kwenda zao bila kuchora. Kibiashara, Horta ilipoteza mauzo ya mikahawa na kubaki na mauzo ya duka, na nadhani huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua wateja wake watarudi.

Lakini somo lenyewe liko Fiji. Nchi ile inaishi kwa wageni. Uchumi wake ulisinyaa kwa kiasi cha asilimia 17 mwaka 2020. Ndege zimekaa chini, hoteli zimefungwa, wafanyakazi wamerudi vijijini kulima mihogo. Mwezi Juni mwaka huo serikali ya Waziri Mkuu Frank Bainimarama ikatangaza mpango ulioitwa Njia za Buluu kwa ajili ya mashua na maboti ya starehe. Masharti yalikuwa mepesi kuyasoma: pima kabla ya kuondoka bandari ya mwisho, njoo moja kwa moja Port Denarau na si kwingine, pimwa tena ukifika. Karantini ni siku 14, na siku ulizokaa baharini zinahesabiwa.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichofanya kazi. Mtu anayetoka Tahiti hadi Fiji bila kugusa nchi hutumia wiki mbili hivi. Anafika akiwa amekwisha kutumikia karantini yake bila kitanda cha hoteli, bila mlinzi mlangoni, bila shilingi ya serikali. Ni vigumu kufikiria karantini ya hakika zaidi kuliko watu wawili kwenye boti la mita 12 katikati ya bahari. Neno lenyewe karantini lilizaliwa bandarini, Waveneti wakihesabu siku 40, na kabla yao mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, ulianza na siku 30 mwaka 1377. Miaka mia sita na ushee baadaye nchi nyingi zilikuwa zimesahau kwamba chombo cha baharini ni chumba cha kutengwa kinachojitembeza chenyewe. Fiji ilikumbuka, ikakitoza ada.

Na ilikuwa na kitu cha pili cha kuuza. Vuda, karibu na Lautoka, ipo marina yenye mashimo ya kimbunga: mahandaki yaliyochimbwa ardhini, mkuku wa mashua unashushwa ndani, tumbo la chombo linakalia matairi, kisha kamba nzito zinafungwa huku na huku. Upepo ukija, chombo hakina urefu wa kuangukia. Mwenye bima akiona shimo kama hilo kwenye fomu, mazungumzo hubadilika. Novemba ilipofika watu ambao kwa kawaida wangekwenda New Zealand walikodi mashimo. Hawakuwa wakijitia wasiwasi bure: tarehe 17 Desemba 2020 kimbunga Yasa kiliipiga Vanua Levu, kisiwa cha pili kwa ukubwa nchini humo.

New Zealand nayo ilikuwa na sababu zake, na kwa upande wa afya ilifanikiwa kuliko karibu nchi zote. Ilifunga mipaka kwa wageni Machi 19, 2020, na kuanzia mwishoni mwa Juni vyombo vya kigeni vilihitaji ruhusa maalumu ambayo wengi hawakuipata. Wajerumani watatu waliojaribu bahati yao bila ruhusa, wakasafiri toka Tahiti hadi Bay of Islands, walirudishwa kwao kwa ndege. Kila mwaka kabla ya hapo, mashua za kigeni ziliteremka Opua na Whangarei kukimbia vimbunga na kufanyiwa kazi kubwa: milingoti kushushwa, injini kufumuliwa, matanga mapya. Wenye karakana walilalamika hadharani kwamba wanakufa njaa ili kuwazuia watu ambao wamekaa peke yao baharini kwa wiki. Binafsi naona walikuwa na hoja. Sioni kama walikuwa na hoja ya kuushinda usiku mmoja katika wodi ya wagonjwa mahututi, lakini siku za baharini kuhesabiwa kama karantini hakungegharimu kitanda hata kimoja.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa mashua hawapendi kulisikia. Mwishoni mwa 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari lilikadiria kwamba mabaharia wa meli za mizigo wapatao 400,000 wamepitisha muda wa mikataba yao bila kupata ruhusa ya kushuka na kurudi nyumbani. Nasi kwetu tulikuwa na madereva waliolala siku kadhaa chini ya malori Malaba na Namanga, Aprili na Mei, wakingoja majibu ya vipimo. Hao walikuwa kazini. Mwenye mashua alichagua bahari.

Tukija kwenye bahari yetu, hesabu inakuwa ya karibu zaidi. Mashua zilizokuwa kati ya Maldivi, Shelisheli na Madagaska zilikuta milango imefungwa pande zote huku kusi likianza kuvuma. Tanzania iliruhusu tena ndege za kimataifa Mei 18, 2020 na kuondoa karantini ya lazima. Kenya ilifungua anga Agosti 1. Kuelekea mwisho wa mwaka chama cha mabaharia wa matanga cha kusini mwa Afrika kilipatana na serikali ya Afrika Kusini ili vyombo vilivyokwama vipokewe Richards Bay na bandari nyingine kabla ya msimu wa vimbunga.

Lakini zitazame ramani za bima. Mwambao wa Kenya na kaskazini ya Tanzania uko karibu na ikweta, nje ya njia ya kawaida ya vimbunga. Kimbunga kilichoivunja Unguja mwaka 1872 kinakumbukwa mpaka leo kwa sababu ya uhaba wake. Kwa lugha ya biashara, sisi ndio Trinidad ya Bahari ya Hindi, na kwa muda mrefu hatukuweza kuuza nafasi hiyo kwa sababu ya maharamia wa Somalia. Kampuni za meli ziliifuta rasmi ramani ya eneo la hatari ya maharamia hao Januari 1, 2023. Kilifi mashua za kigeni hutia nanga ndani ya hori, na ipo yadi. Tanga ina klabu yake. Kinachopungua ni mashine za kuinua tani 20 au 30, na stoo yenye vipuri. Tunajua kupweleza jahazi wakati wa maji ya bamvua, kulilaza kwenye mchanga na kulipaka deheni kabla maji hayajarudi. Mwenye mashua ya Kifaransa yenye mkuku wa risasi wa tani tano hatailaza ya kwake.

Wauza vyombo, kwa upande wao, walifurahi. Marekani pekee ilinunua maboti mapya ya injini zaidi ya 310,000 mwaka 2020, ongezeko la asilimia 12, kwa sababu mtu aliyefungiwa nyumbani alitaka mahali pa kwenda ambapo hakuna jirani. Walionunua wakati ule kwa haraka ndio waliojaza matangazo ya kuuza baada ya mipaka kufunguliwa.

New Zealand ilifungua bahari yake kikamilifu usiku wa Julai 31, 2022. Ulikuwa katikati ya baridi ya kusini. Mashua zote zilizoweza kwenda zilikuwa Fiji na visiwa vya jirani, zikifaidi upepo mzuri wa msimu, na hakuna nahodha anayeteremka Opua kabla ya Oktoba. Mafundi waliosubiri serikali kwa zaidi ya miaka miwili wakafagia karakana, wakaagiza rangi, wakakaa tena miezi mitatu kuusubiri upepo.