Mluzi wa Yaeda Chini kwenye Minimoog

Katika bonde la Yaeda Chini, wilayani Mbulu, Mhadzabe anayetafuta asali hupiga mluzi kumwita mlembe, ndege anayeongoza watu hadi waliko nyuki. Mluzi huo hautulii: hupanda, huyumba, hushuka. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood waliandika katika jarida la Science kwamba, kwa Wahadzabe, mlembe huitikia mluzi wa wenyeji zaidi ya mara 3 kuliko wito wa Wayao wa Msumbiji.

Nauleta mluzi huo kwa vijana wa Haydom na Katesh wanaotengeneza biti. Wengi wanahangaika kutafuta sauti mpya, na ile waliyo nayo imesimama tu, haichezi. Kuichezesha ndiko kunakoitwa modulesheni.

Chukua Minimoog, sintesaiza ya analogi ya Robert Moog iliyotoka mwaka 1970. Ina osileta 3, yaani vyanzo vya sauti. Ile ya tatu itenge na kibodi, ishushe kasi mpaka isisikike. Hapo volti yake inapanda na kushuka polepole. Sukuma gurudumu la modulesheni, volti iende kwa osileta nyingine. Kwa mizunguko 5 au 6 kwa sekunde, noti inatetemeka kama sauti ya mwimbaji. Volti hiyo ipeleke kwenye filta, yaani kichujio cha sauti, na sauti inajifumba na kujifumbua.

Na mluzi? Zima osileta zote, kisha zungusha kitufe cha filta kiitwacho Emphasis karibu na mwisho. Filta yenyewe itapiga mluzi, mwembamba na safi. Sasa amua kontua, yaani umbo la kupanda na kushuka, iusukume kiasi gani, upande upesi au kwa kujivuta, ushuke vipi. Hapa usiwe na haraka. Ukizidisha kidogo tu unapata king'ora. Ukipunguza mno, mluzi unakosa uhai.

Modulesheni haiishii hapo. Mwaka 1967, huko Stanford, Marekani, John Chowning aliongeza kasi ya mtetemo kwenye kompyuta mpaka sikio likashindwa kuufuata, akasikia rangi mpya kabisa ya sauti. Ugunduzi huo ndio uliozaa sintesaiza ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983.

Minimoog ni ghali, lakini VCV Rack ni programu yenye toleo la bure, na osileta, filta na kontua zote zimo. Kwanza omba ruhusa, rekodi kwa simu miluzi ya wachungaji na warina asali wa kwenu, isikilize pale inapogeuka, ndipo uguse vitufe.